Sura ya Saba: Makaroni ya Kuoka Kyavinyonge

Kyavinyonge inanunua karibu kila kitu inachokula, isipokuwa samaki. Kijiji kimekaa ukingoni mwa Ziwa Edward, upande wa kaskazini-magharibi, ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na sheria ya hifadhi hairuhusu shamba wala malisho. Mtu wa hapa anaweza kuvua, kubanika samaki kwa moshi na kuwauza. Hawezi kulima muhogo nyuma ya nyumba wala kufuga ng'ombe. Kwa hiyo unga wa bugali, maharagi, vitunguu, kabichi, ndizi na nyama vyote hushuka kutoka milima ya Bashu kwa lori na kwa pikipiki, kwa barabara ile ile ambayo samaki huipanda kwenda Kyondo na Butembo.

Ndiyo maana nimekichagua kijiji hiki kwa sura ya makaroni ya kuoka. Ninazungumzia makaroni yaliyochemshwa, mchuzi mzito wa nyama na nyanya, sosi nyeupe ya maziwa na jibini, vyote vikapangwa tabaka juu ya tabaka na kuokwa hadi juu pawe kahawia. Watu wengi wa Kivu ya Kaskazini wanakihesabu chakula hiki kuwa cha hoteli, cha wageni wa mashirika, cha nyumba yenye umeme na oveni. Mimi nashikilia kwamba ni chakula chetu kabisa. Kiungo kigumu kuliko vyote, yaani jibini inayoyeyuka vizuri, kinatengenezwa humu humu mkoani na watu wa Masisi. Kinachobaki ni ufundi wa moto na mpangilio wa kazi, na akina mama wanaobanika samaki kandokando ya ziwa wanaujua moto wa polepole kuliko wapishi wengi wa hoteli. Ikiwezekana Kyavinyonge, basi inawezekana karibu popote panaposomwa kitabu hiki.

Wala hatutakuwa wa kwanza kukichukua chakula hiki na kukifanya cha nyumbani. Wamisri huoka makaroni na nyama ya kusaga chini ya sosi nyeupe, na hakuna karamu ya familia Cairo inayoona haya kuyaandaa. Wagiriki wana pastitsio yao, yenye harufu ya mdalasini. Eritrea na Ethiopia, lazanya huwekwa mezani siku za sikukuu pamoja na injera. Wasomali wameugeuza mchuzi wa Waitaliano kuwa suugo, wenye viungo vyao wenyewe. Kwa Wabelgiji, waliotawala Kongo hadi mwaka 1960, makaroni na jibini ya kuoka ni chakula cha kawaida cha mtoto aliyerudi shuleni. Kila taifa limetia mkono wake. Sasa tutie wa kwetu.

Vipimo vya watu 8

Makaroni mafupi, gramu 500. Nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, gramu 600. Jibini ya Masisi, gramu 300. Nyanya mbivu, kilo 1, na kikopo kidogo cha nyanya nzito. Vitunguu vinne, puwaro mbili, karoti mbili, majani machache ya seleri, vitunguu saumu punje nne. Maziwa lita 1. Unga wa ngano gramu 60 na siagi au mafuta gramu 60. Mayai mawili. Chumvi, pilipili manga na kokwa ya kungumanga kama ipo.

Asiye na mzani akumbuke kwamba kijiko kikubwa kilichojaa unga kwa wastani ni gramu 10 hivi, na kwamba pakiti ya kawaida ya makaroni ni nusu kilo. Hivyo viwili vinatosha kukuongoza.

Jibini ya milimani

Tuanze na jibini, maana ikikosekana sahani hii inabaki kuwa makaroni na mchuzi tu.

Vilima vya Masisi, magharibi ya Goma, vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna baridi, mvua ya kutosha na majani mabichi mwaka mzima, na ng'ombe wa maziwa wanakubali. Ufundi wa jibini uliletwa na wamisionari Wakatoliki, ukabaki mikononi mwa wenyeji hata wamisionari walipoondoka. Mtindo ni ule wa gouda ya Waholanzi: maziwa yanapashwa moto hadi yawe vuguvugu kama joto la mwili, yanatiwa kigandishi kitokacho katika tumbo la ndama, yanaganda, kisha mgando unakatwa vipande vidogo ili maji yake yatoke. Vipande vinaoshwa kwa maji ya moto, vinamiminwa ndani ya vibumba, vinakandamizwa, vinazamishwa katika maji ya chumvi, halafu jibini inapangwa juu ya mbao kwa wiki kadhaa na kugeuzwa mara kwa mara. Hakuna friji katika kazi hiyo yote. Baridi ya mlima na chumvi vinatosha, na ganda linalojijenga nje linaiwezesha jibini kusafiri kwa siku nyingi ndani ya gunia au kapu.

Wafugaji wa Masisi wamelipia ufundi huu kwa gharama kubwa. Vita vya miaka ya 1990 viliteketeza mifugo yao, na walianza upya. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, mji unaoikalia Barabara ya Taifa namba 2 inayounganisha Goma na Butembo. Januari 2025 waliteka Masisi mjini, na kabla mwezi haujaisha wakaichukua Goma. Barabara ikifungwa, jibini inabaki upande mmoja na wanunuzi upande mwingine. Nalisema hili ndani ya kitabu cha mapishi kwa sababu mpishi wa Kyavinyonge anapokata kipande cha fromaji, anakata kazi ya mtu aliyekamua ng'ombe akisikia milio ya risasi. Kipande hicho kinastahili kupikwa vizuri, na mtu huyo anastahili kulipwa bei ya haki.

Sokoni, muulize muuzaji kwa adabu: "Mama, hii ni changa ao ni ya zamani?" Kwa kawaida atakujibu, "Finya mwenyewe, mwanangu." Finya kweli. Jibini changa inabonyea kidogo chini ya kidole gumba kisha inarudi. Ikikatwa, ndani ni laini, rangi ya maziwa inayoelekea manjano, na harufu yake ni ya maziwa na siagi. Iliyokomaa ni ngumu, inakatika kwa kumeguka, na harufu yake inapanda puani. Kwa sahani yetu nunua zote mbili ukiweza: robo tatu changa, robo moja iliyokomaa. Changa inayeyuka na kuvutika. Iliyokomaa inaleta utamu wa chumvi na rangi ya kahawia juu.

Kwa nini jibini moja huyeyuka na nyingine hukataa? Protini za maziwa katika jibini ya kigandishi zimeshikanishwa na chokaa, ile kalisi inayojenga mifupa. Wiki zinavyopita, asidi inayozaliwa ndani ya jibini inailegeza kalisi hiyo kidogo kidogo, na joto linapoingia, protini zinaachiana na kuteleza. Jibini iliyogandishwa kwa limau au siki haina muundo huo. Hata uichome saa nzima, itakauka na kuwa kahawia bila kutiririka. Kwa hiyo msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asiyepata ya Masisi atafute jibini yoyote ngumu kiasi iliyotengenezwa kwa kigandishi, na ile nyeupe ya limau aihifadhi kwa kazi nyingine.

Nyama kwanza, nyanya baadaye

Mashine ya kusagia nyama si lazima. Kisu kikali na ubao vinatoa mchuzi bora zaidi, kwa sababu nyama iliyokatwakatwa kwa mkono inabaki na punje zinazotafunika, wakati nyama ya mashine mara nyingi inageuka uji. Chukua sehemu ya bega au shingo. Ni ngumu, ni rahisi kwa bei, na ina nyuzinyuzi ambazo zikipikwa polepole hugeuka ute mzito unaoufanya mchuzi ushikamane na makaroni. Kata vipande vyembamba, kisha virefu, kisha vidogo kama punje za mahindi.

Kausha nyama kwa kitambaa safi. Nyama yenye maji inachemka tu. Haipati rangi wala harufu. Pasha sufuria nzito na mafuta kidogo hadi mafuta yaanze kucheza, tia nyama kidogo kidogo, nusu kwa nusu, na uiache. Usikoroge kwa dakika 3. Utasikia sauti ikibadilika kutoka mlio wa maji kuwa mkaango mkavu, na chini ya sufuria itajishika rangi ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo nusu ya utamu wa sahani nzima. Geuza, acha tena, kisha toa na utie awamu ya pili.

Katika mafuta yaliyobaki tia vitunguu, puwaro, karoti na seleri, vyote vimekatwa vidogo. Watu wa Butembo na Lubero wanajua puwaro inavyobadilisha mchuzi: ina utamu wa kitunguu bila ukali wake, na mashamba ya nyanda za juu za Lubero hutoa puwaro nono zenye shina jeupe refu. Usitupe sehemu ya kijani; ikate nyembamba na uitie pia. Punguza moto, tia chumvi, funika, acha vilainike kwa dakika 15. Maji yatakayotoka kwenye mboga yatabandua ile kahawia ya chini. Ikwangue kwa mwiko, isipotee hata chembe.

Sasa tia vitunguu saumu na nyanya nzito ya kopo, uikaange dakika 2 hadi wekundu wake ugeuke wa tofali. Rudisha nyama. Tia nyanya zilizomenywa na kukatwa, na kikombe kimoja cha maji. Acha ichemke kidogo kidogo, kiputo kimoja hapa na kingine pale, kwa saa 1 na nusu. Moto ukizidi, nyama itakaza kabla nyuzi zake hazijalainika. Ukiona mchuzi umekauka mno, ongeza maji ya moto. Mwishoni uwe mzito lakini wenye unyevu, maana makaroni yatakunywa sehemu yake ndani ya tanuri. Mchuzi uliokauka jikoni huzaa sahani kavu mezani. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika makaroni ya kuoka, hata kwa wapishi wazuri.

Kuhusu nyama yenyewe nina neno moja la kusema wazi. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi waliishi kwenye ziwa hili na mito yake. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya nyama na meno. Kinyesi cha viboko kilikuwa kinayarutubisha maji na kulisha viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki, kwa hiyo mvuvi naye alipoteza. Nyama ya porini haina nafasi katika sufuria hii. Ng'ombe na mbuzi wa milimani wanatosha.

Sosi nyeupe inayokubali moto

Wengine huuliza kwa nini tusimwage jibini moja kwa moja juu ya makaroni na kuoka. Jaribu, na utaona mafuta ya manjano yakielea pembeni na jibini ikiwa mpira katikati. Jibini peke yake kwenye moto mkali huachana: mafuta huku, protini kule. Wanga wa unga ndio unaoyazuia yasiachane, kwa kuyatenganisha matone ya mafuta na kuzishika protini zisijikunje pamoja.

Yeyusha siagi au mafuta gramu 60 katika sufuria safi. Tia unga gramu 60 na ukoroge kwa moto mdogo dakika 3, hadi harufu ya unga mbichi iishe na ije harufu ya biskuti. Mimina maziwa yenye joto, kwanza robo kikombe, koroga hadi iwe kama ugali mwepesi, kisha kikombe, koroga, kisha yaliyobaki. Ukifuata hatua hizo madonge hayatapata nafasi. Maziwa ya unga yanafaa kabisa, na ukingoni mwa ziwa ndiyo yanayopatikana kwa urahisi; yakoroge na maji yaliyochemshwa. Maji ya ziwani yasiingie katika chakula chochote kabla ya kuchemka. Kipindupindu kimewazoea sana watu wa mialo yetu, na mpishi ni mlinzi wa kwanza.

Sosi ikianza kuchemka, iache kwa dakika 5 huku ukikoroga. Ikifunika mgongo wa kijiko na kidole kikaacha njia isiyofungika, iko tayari. Itoe motoni. Sasa, nje ya moto, tia robo tatu ya jibini iliyokwanguliwa, pilipili manga na kungumanga. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa kuwa jibini imekuja na yake. Ikipoa kidogo, piga mayai mawili na uyachanganye. Mayai yataishikanisha sahani ikatike vipande vizuri badala ya kubomoka.

Maji yanayochemka chini ya nyuzi 100

Ziwa Edward liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka mapema kwa karibu nyuzi 1. Kwa hiyo Kyavinyonge maji huchemka karibu na nyuzi 97, na Butembo, iliyo juu zaidi ya mita 1,700, karibu na nyuzi 94. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ya makaroni umepimwa na watu wanaoishi chini kuliko sisi. Makaroni yanayoiva kwa dakika 9 Mombasa yataomba dakika 10 au 11 ziwani na zaidi Butembo. Anayefuata saa peke yake atadanganyika. Anayefuata jino hatadanganyika.

Kwa kuoka, tunayataka yasiive kabisa. Chemsha maji mengi, lita 4 au 5 kwa nusu kilo, na gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Chumvi hii ina historia hapa: kwa vizazi vingi chumvi ya Katwe, upande wa Uganda, ilivushwa ziwa na nyika hadi milima ya Wayira, na biashara hiyo iliwajenga wafanyabiashara ambao wajukuu wao leo wanaleta bidhaa kupitia Kasindi, makaroni yakiwemo. Tia makaroni, koroga dakika ya kwanza yasigandane, kisha anza kuuma moja moja baada ya dakika 6. Ukiona katikati pana nukta nyeupe ndogo, mwaga maji mara moja. Weka kando kikombe kimoja cha maji hayo yenye wanga. Usiyasuuze makaroni; ule utelezi wa nje ndio utakaoishika sosi.

Moto chini, moto juu

Sasa tumefika kwenye oveni ambayo hatuna.

Watu wa pwani ya Waswahili wamelitatua swali hili zamani. Pilau ikikaribia kuiva, mpishi huipalia: anapunguza moto wa chini na kuweka makaa juu ya mfuniko. Mikate na keki nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja zimeokwa hivyo kwa miaka mingi kabla ya umeme kufika. Kyavinyonge ina mbabula, ina makala na ina sufuria kubwa. Kinachohitajika ni kuviunganisha.

Chagua sufuria pana ya alumini nzito yenye mfuniko bapa, na bora mfuniko uwe na ukingo uliosimama ili majivu yasidondoke. Ndani yake mwaga mchanga mkavu, uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Mchanga unaueneza moto na kuzuia chini kuungua. Funika, weka juu ya mbabula yenye moto wa wastani, na tandaza makala yaliyoshika moto juu ya mfuniko. Acha kwa dakika 20 ipate joto. Ili kuupima moto, weka kijiko cha unga juu ya kifuniko cha kopo, ukiingize ndani na ufunike. Unga ukigeuka rangi ya majani makavu kwa dakika 2 au 3, tanuri iko tayari. Ukiwa mweusi, ondoa makala kadhaa ya chini.

Wakati huo panga sahani. Paka mafuta karai dogo au bati la kuokea linaloingia ndani ya sufuria kwa nafasi ya kidole pande zote. Changanya makaroni na theluthi moja ya sosi nyeupe. Yakiwa mazito, yalegeze kwa maji uliyoyaweka kando. Tandaza nusu ya makaroni. Mwaga mchuzi wote wa nyama, usawazishe hadi pembeni. Tandaza makaroni yaliyobaki. Mimina sosi nyeupe iliyobaki, na uichome kwa uma hapa na pale ili ishuke. Juu kabisa nyunyiza jibini iliyosalia, ile iliyokomaa ikiwa ya mwisho.

Ingiza, funika, na ugawe moto: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Sababu ni hii. Joto la chini linapanda lenyewe na kukutana na chakula bila taabu, lakini la juu linatakiwa lishuke kwa kung'aa tu kutoka kwenye bati la mfuniko, na kung'aa huko kunadai makala mengi. Anayeweka sawa kwa sawa atapata chini palipoungua na juu palipopauka. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa tele, kwa kuwa moshi usioonekana wa makala unaua ndani ya chumba kilichofungwa. Tumia makala ya mikaratusi iliyopandwa milimani ukiweza, usinunue yale yaliyokatwa msituni mwa hifadhi.

Usifunue kwa dakika 25 za kwanza. Baada ya hapo inua mfuniko wima, bila kuuinamisha, utazame. Pembeni panapaswa kutokota mchuzi mwekundu, juu jibini imevimba na kushika madoa ya dhahabu. Mara nyingi dakika 35 hadi 40 zinatosha. Kutokota hadi katikati si kwa uzuri tu: jibini ya Masisi kwa kawaida hutengenezwa kwa maziwa mabichi, na joto hilo linaifanya iwe salama hata kwa mjamzito na mtoto mdogo.

Kisha jambo gumu kuliko yote: itoe na uiache. Dakika 15, pasipo kuikata. Ikikatwa motomoto, inatiririka na kila mtu anapata supu. Ikitulia, wanga unashika, jibini inakaza kidogo, na kisu kinatoa kipande kinachosimama chenye tabaka zote. Ipakue na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, iliyotiwa limau na chumvi, ili ukali wa limau uupunguze uzito wa maziwa.

Siku nyama haikushuka

Mvua ikiiharibu barabara ya mlimani, nyama haifiki. Hapo Kyavinyonge inarudi kwenye utajiri wake. Chukua tilapia wawili wakubwa waliobanikwa kwa moshi, waloweke kwa maji ya moto dakika 10, ondoa ngozi na miiba yote kwa vidole, ukipapasa kila kipande mara mbili. Pika mboga na nyanya kama kawaida kwa dakika 40, na samaki mtie mwishoni kabisa, akorogwe mara moja tu asivurugike. Punguza jibini hadi gramu 200, kwa kuwa moshi na jibini nyingi hugombana. Makaroni haya ya moshi nayaheshimu sawasawa na ya nyama, na kwa mgeni anayekuja ziwani kwa mara ya kwanza ndiyo ningemwandalia.

Kuachana na pakiti

Ukihesabu sasa, utaona kwamba vitu vingi vya sahani hii vina kwao karibu: jibini Masisi, mboga Lubero, nyama milimani, samaki ziwani, makala ya mikaratusi. Kikuu kinachovuka bahari na mpaka ni pakiti ya makaroni. Hata hicho kina mbadala. Nyanda za juu za Lubero zimelima ngano tangu enzi za ukoloni, na unga wa ngano ya kawaida, ingawa haufai makaroni makavu ya kiwandani kama ngano ngumu, unafaa sana kwa tambi mbichi za mayai.

Pima unga gramu 400, vunja mayai manne katikati, tia chumvi kidogo. Kanda dakika 10 kamili, hadi donge liwe laini na likibonyezwa lirudi. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu nusu saa. Ligawe mara nne, na kila sehemu uisukume kwa chupa safi juu ya meza yenye unga hadi iwe nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono wako kupitia kwake. Kata mistatili, chemsha kila mmoja dakika 1 au 2, tandaza juu ya kitambaa, kisha panga tabaka nne au tano pamoja na mchuzi na sosi ile ile. Umeshapata lazanya.

Kazi ya mikono miwili kwa saa moja inaiondoa pakiti mezani, na fedha yake inabaki kwa mkulima wa ngano na mama muuza mayai. Shule za upishi za Butembo na Beni zingeweza kulifundisha hili ndani ya mwezi mmoja. Mikahawa ya miji hiyo ingeweza kuliandika kwenye orodha yake ya vyakula na kutaja vilima vilikotoka jibini na ngano. Wewe huna haja ya kuwasubiri. Anza na nusu kilo ya pakiti Jumapili hii, uujue moto wako na mfuniko wako. Ukishajua jibini inavyotulia na makala yanavyogawanywa, kanda unga.